Koko akibadilika ndani ya siku mbili, tusiseme ni uzee tu

 

Juma hili tunaleta habari ya nyumba moja ya hapa Bukavu. Mama wa nyumba hiyo ni mwenzetu katika kikundi. Ametupa ruhusa tuieleze, mradi tusitaje jina lake wala avenue yake. Tunaiandika kwa sababu tunaamini nyumba nyingi zimepita hapo, na nyingine zitapita kesho.

Katika nyumba hiyo kuna koko wa miaka 78, mama mkwe wa mwenzetu. Tangu miaka mitatu hivi koko anasahau. Anauliza swali moja mara nne. Anatia chumvi katika sombe, anageuka, anatia tena. Anamwita mjukuu kwa jina la mtoto wake aliyekufa zamani. Nyumba ilizoea. Watoto walikuwa wanamjibu bila kubishana naye, siku zikapita.

Kisha usiku mmoja mambo yakabadilika. Koko alikataa kulala. Alisema na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Alisema mkwe wake anataka kumtilia sumu katika chai. Alilowesha kitanda, jambo ambalo halijamfikia hata siku moja. Asubuhi alilala kama mtu aliyechoka kabisa, akila vijiko viwili tu vya uji. Jioni tena akaanza kupiga kelele.

Mnajua jinsi mtaa unavyosema. Jirani mmoja alisema, "Ni mambo ya usiku hayo, huyu mzee mumuangalie vizuri." Mwingine alisema uzee umemaliza kichwa, hakuna la kufanya. Shemeji alitaka koko apelekwe katika chumba cha maombi, afungishwe siku tatu bila chakula wala maji.

Mwenzetu ndiye aliyefua vitenge vya koko. Aliona kwamba mkojo ni kidogo, mweusi kama chai kali, na kwamba koko anakunja uso kila mara akikojoa. Alimwambia mume wake, "Baba watoto, mama yako ni mgonjwa. Twende kwanza kwa munganga, maombi tutafanya tukiwa huko." Wakaenda kituo cha afya. Walimpima malaria, hakuna. Walimpima sukari, iko sawa. Alikuwa na homa kidogo na mwili umekauka maji. Mkojo ulipopimwa, waliona kwamba kibofu kimeingiwa na vijidudu. Alipewa dawa na maji. Kelele zilipungua siku ya tatu, na baada ya majuma mawili koko alirudi kuwa koko wao. Bado anasahau. Bado anatia chumvi mara mbili. Lakini anajua yuko nyumbani kwake, na mkwe wake si mchawi wala muuaji tena machoni pake.

Mzee wa miaka 78 aliyekauka maji, mwenye ugonjwa katika kibofu, angefungishwa siku tatu bila maji. Kila mmoja wetu afikiri mwenyewe safari hiyo ingeishia wapi.

Kuna kinachokuja polepole, na kuna kinachokuja haraka

Katika habari hii kuna magonjwa mawili yaliyokaa juu ya mtu mmoja. Tukiyachanganya, tunampoteza mzee.

La kwanza ni ugonjwa wa kusahau, ambao waganga wanauita demensia. Huo unakuja polepole, kwa miezi na miaka. Ndani ya ubongo chembe zinaharibika na kufa kidogo kidogo. Aina iliyo nyingi zaidi inaitwa Alzheimer, kwa jina la munganga Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, huko Frankfurt, alimpokea mama wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa anasahau, anaficha vitu na kumshuku mume wake. Mama huyo alikufa mwaka 1906, na munganga alipochunguza ubongo wake aliona umesinyaa, na ndani yake kuna uchafu uliogandamana na nyuzi zilizosokotana. Tangu siku hiyo inajulikana kwamba mzee anayemshuku mtu wa nyumbani anaweza kuwa anasemeshwa na ubongo unaougua.

Aina nyingine inatoka kwenye mishipa ya damu. Mtu mwenye tensio isiyotibiwa, au sukari, anaweza kuzibikiwa na mishipa midogo ya ubongo, moja leo, nyingine mwaka kesho. Kila sehemu inayokosa damu inakufa. Ndiyo maana kupima tensio kila mara ni kulinda akili pia, si moyo peke yake.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zenye mapato madogo na ya kati kama yetu. Kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Na si kila mzee anaupata: wako wakoko wa miaka 90 wanaokumbuka deni la kila mmoja katika likelemba. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni jambo la kila mtu. Kusahau ufunguo ni wa kazi gani, huo ni ugonjwa.

La pili ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako waganga wanakuita deliriamu. Huko kunakuja kwa saa au siku chache. Kunapanda na kushuka: asubuhi mzee yuko sawa, jioni hajui yuko wapi. Hawezi kufuata maneno yako hadi mwisho. Anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kugombana, kutaka kutoka usiku. Lakini tuangalie sana: kuna wanaochanganyikiwa kimya kimya. Mzee analala tu, hasemi, hali, hasumbui mtu. Nyumba inasema, "Leo koko ametulia." Huyo aliyetulia ghafla anaweza kuwa mgonjwa kuliko anayepiga kelele.

Deliriamu siku zote ina kitu kilichoileta. Ukikipata na kukitibu mapema, mara nyingi inaondoka, ingawa kwa wengine inachukua majuma. Mwenye demensia anashikwa nayo upesi kuliko wengine, kwa sababu ubongo wake hauna tena akiba. Kitu ambacho kingemletea kijana maumivu ya mgongo tu kinaangusha akili ya koko.

Jinsi mkojo wa mzee unavyoingiwa na vijidudu

Kati ya vitu vinavyoleta deliriamu, ugonjwa wa njia ya mkojo unatajwa sana. Tueleze unavyoanza.

Kwa mwanamke, mrija unaotoa mkojo ni mfupi, na mlango wake uko karibu na mahali pa haja kubwa. Vijidudu vinavyoishi katika matumbo, hasa kile kinachoitwa Escherichia coli, havina safari ndefu kufika kwenye kibofu. Ndiyo sababu wanawake wanaugua zaidi tangu ujana.

Mama akisha kumaliza kuona mwezi, homoni zilizokuwa zinalinda sehemu hizo zinapungua. Ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na kavu, na vijidudu vizuri vilivyokuwa vinazuia vile vibaya vinapungua. Ongeza kibofu kilicholegea ambacho hakimalizi mkojo wote. Ongeza uzazi mwingi ulioshusha kizazi. Ongeza choo kigumu kinachobana kibofu, na sukari katika damu. Mkojo unaobaki ndani bila kutoka ni kama maji yaliyolala katika bidoni: vijidudu vinaongezeka. Kwa wanaume wazee, prostati iliyovimba inaziba njia na kuleta matokeo yale yale. Na mtu aliyewekewa mpira wa mkojo hopitalini anaweza kuingiwa na vijidudu kupitia mpira huo.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo tunaijua sisi wenyewe tunaoishi milimani. Choo kiko nje, chini ya mteremko. Mvua ikinyesha kuna utelezi, usiku kuna giza. Koko anaogopa kuanguka. Hataki kumwamsha mkwe wake. Basi anafanya nini? Anaacha kunywa maji tangu mchana, na mkojo ukija anaubana hadi asubuhi. Tena uzee unapunguza kiu: mwili unakauka na yeye hasikii. Na siku ambazo maji hayatoki katika robine, bidoni ikapandishwa mgongoni, koko anaona haya kuomba kikombe cha pili. Hivi ndivyo ugonjwa unavyopata mlango, kwa adabu na kwa woga.

Ugonjwa ukianza, mtu mwenye akili timamu atasema: nachomwa nikikojoa, naenda kila mara, chini ya kitovu kunaniuma. Mwenye demensia hawezi kusema. Maneno yamekwisha kumkimbia. Pengine hata homa haipandi sana kwa mzee. Kinachoonekana ni tabia tu: hasira, usingizi, kuanguka, kulowesha kitanda. Mwili wake unasema kwa njia iliyobaki.

Tusiruke upande mwingine

Hapa tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu tunajua kuna atakayesoma mpaka hapa kisha akimbie farmasi.

Kwanza, ugonjwa wa mkojo hauleti Alzheimer. Kinacholetwa ni kuchanganyikiwa kwa ghafla juu ya ubongo uliokwisha kuwa dhaifu. Hata hivyo, mzee aliyepitia deliriamu anaweza kubaki amesahau zaidi kuliko mbele. Ndiyo maana hatutaki ichelewe.

Pili, si kila kuchanganyikiwa ni mkojo. Malaria inaleta. Nimonia inaleta. Kukauka maji, choo kilichokwama siku tano, mkojo uliozibika, sukari iliyoshuka, maumivu yaliyofichwa, kuanguka na kugonga kichwa, dawa za usingizi kama diazepamu, pombe: vyote vinaweza kuleta.

Tatu, wakoko wengi wana vijidudu katika mkojo ambavyo havileti ugonjwa wowote. Vipo tu. Karatasi ya kupimia ikibadilika rangi, peke yake haithibitishi kwamba hapo ndipo shida ilipo. Harufu kali peke yake pia haitoshi, maana mkojo wa mtu asiyekunywa maji unanuka. Munganga mzuri anatafuta dalili pamoja: homa, maumivu akikojoa, kwenda chooni mara nyingi, damu, maumivu ya mgongo upande wa figo. Akikwambia tumpe kwanza maji na tumwangalie, hajakudharau.

Nne, tuache kununua antibiotiki mbilimbili farmasini. Vidonge viwili haviui ugonjwa, vinavifundisha vijidudu kuzoea dawa. Siku koko atakapohitaji dawa kwa kweli, haitafanya kazi. Tena dawa nyingine za vijidudu zenyewe zinaweza kumchanganya mzee zaidi.

Maswali matatu ya kujiuliza nyumbani

Mzee akibadilika, kaeni chini mjiulize.

Ilianza lini? Kama jibu ni "tangu mwaka jana, polepole", mnaongea habari ya kusahau. Kama jibu ni "tangu juzi", huo ni ugonjwa wa sasa, na mnatoka leo kwenda kituo cha afya.

Kinapanda na kushuka? Kama asubuhi ni mtu mwingine na jioni ni mtu mwingine, fikirieni deliriamu.

Mwili unasema nini? Amekunywa vikombe vingapi tangu jana? Amekojoa mara ngapi, rangi gani? Amekwenda choo kikubwa lini? Ana homa, kikohozi, kidonda? Ameanguka? Amepewa dawa gani mpya?

Majibu hayo muyaandike katika karatasi, muende nayo. Anayemjua mzee kila siku ndiye aende naye, si kijana aliyerudi jana kutoka safari. Msimwambie munganga "ni mzee, anachanganyikiwa". Mwambieni: "Siku ya kwanza alikuwa sawa, alijua majina yetu. Siku ya tatu usiku alibadilika." Maneno hayo yanabadilisha jinsi anavyopimwa.

Mkiombwa mkojo, mumwoshe mzee kwanza kwa maji safi. Mkojo wa kwanza uende chini, ule wa katikati ndio uingie katika kikopo safi cha labo, upelekwe bila kukawia. Uchukuliwe mbele ya kuanza antibiotiki.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi: kutetemeka kwa baridi na homa, kupumua haraka, kutapika kila kitu, kushindwa kuamka, kutokojoa kabisa, mkono au mguu uliolegea upande mmoja. Hapo muombe pikipiki ya jirani, muombe kikwembe cha kumbebea, muende hopitali usiku ule ule.

Akiwa bado amechanganyikiwa, msimfunge kamba, msimpigie kelele, msibishane naye juu ya watu anaowaona. Mtu mmoja anayemzoea akae karibu naye, taa iwake, mumwambie kwa sauti ndogo: "Koko, ni mimi, uko nyumbani, ni usiku." Mumvalishe miwani yake kama anayo. Muondoe kisu na jiko la makaa karibu yake.

Ya kuzuia, yanayowezekana kwetu

Maji mpeni bila kungoja aombe. Kikombe akiamka, kikombe na chakula, kikombe akimeza dawa, uji, chai nyepesi, supu, hadi vifike vikombe sita au saba kwa siku, isipokuwa munganga amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Vingi vya hivyo avipate mchana, kusudi usiku alale.

Usiku muweke ndoo yenye kifuniko chumbani, karibu na kitanda, na kijana aimwage asubuhi bila kusema neno la kumwaibisha. Ndoo hiyo tu inaondoa sababu ya koko kujinyima maji.

Mchana akumbushwe kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, na asiharakishwe. Akijipangusa, atoke mbele kwenda nyuma. Nguo iliyolowa ibadilishwe mara moja. Ndani kusioshwe kwa sabuni kali wala majani ya dawa, maji yanatosha. Mboga, matunda na kutembea kidogo vinasaidia tumbo lisifunge.

Kwa ajili ya kumbukumbu, tumpime tensio na sukari, tumwache afanye kazi ndogo anazoweza, tumsemeshe, tumpeleke kanisani na kwenye mkutano. Mzee anayefungiwa peke yake chumbani akili yake inashuka haraka zaidi. Na sisi tulio na miaka 45 au 50, tuanze leo: masikio yanayopoteza sauti, tensio, pombe, tumbaku, yote haya yanahesabiwa kati ya vitu vinavyoongeza hatari ya demensia.

Neno la mwisho

Tunajua jina linalopewa mama mzee anayesema peke yake usiku. Mwezi wa tisa wa mwaka 2021, hapa katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa walioshutumiwa uchawi waliuawa na makundi ya watu. Hatujui kila mmoja wao alikuwa na nini. Lakini tunajua kwamba mjane mzee, anayesahau, anayezunguka nje gizani, anayejibu maneno yasiyoeleweka, ndiye anayenyooshewa kidole upesi. Mwanachama wa kikundi hiki akisikia maneno hayo juu ya koko yeyote katika mtaa, asikae kimya. Aulize kwa sauti mbele ya watu: "Ameanza lini? Amekunywa maji? Nani amempeleka kwa munganga?" Maombi ni mazuri, na hatuwazuii. Lakini maombi yasimnyime mzee maji wala dawa.

Na kwa wewe unayemlinda koko nyumbani, mkwe au binti, unayefua usiku na kushutumiwa sumu asubuhi: tunakuona. Usibebe peke yako. Mkutano ujao, dakika za kwanza ni zako. Mwenye mzee nyumbani aje aseme, tugawane zamu za kumsaidia, hata kama ni mchana mmoja wa kumkalia koko ili wewe ulale.

Kaeni na amani. Mkimaliza kusoma, mumpelekee koko kikombe cha maji.